Siku Niliyokuwa Wakili wa Maiti

Haya ninayokusimulia yamenitokea mimi mwenyewe. Sikuhadithiwa na mtu, sikuota, na wala haikuwa usiku wa giza ukasema labda niliona kivuli cha mti. Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, jua liko juu ya kichwa. Mimi ni mhandisi wa barabara, na maisha yangu yote nimelipwa kwa kupima kitu kilichopo na kusema kipo. Ukitaka kucheka, cheka. Wanangu nao hucheka, lakini wao nimewapa upande wa kutisha tu. Upande wa aibu nimewaficha, na kusema kweli kisa chenyewe kwa sehemu kubwa ni aibu.

Sisi ni watu wa Unguja, asili yetu Oman. Baada ya mapinduzi watu wetu walitawanyika, kila mmoja na njia yake. Mimi na rafiki yangu Humud, tuliyekuwa pamoja tangu skuli, tulipata nafasi ya kwenda kusoma Urusi. Mama yake, Bi Zuwena, alikuwa keshavuka kuja Maskati, na hakuwa na mtoto mwengine. Humud alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye kifua kibovu. Pale Leningrad, mji tuliosomea, tuliishi chumba kimoja miaka minne, na kila baridi ikiingia nilimtania anavyojifunga mablangeti mpaka puani. Alikuwa haudhiki. Labda kama angekuwa mtu wa kuudhika ningejifunza adabu mapema.

Kiangazi cha mwisho cha uhai wake tulipata ruhusa ya kwenda kutembea siku moja mji wa Novgorod. Ni mji wa kale sana, Warusi wenyewe wanautaja kwa heshima. Tuliteremka kwenye treni asubuhi, tukanunua mkate na maziwa, tukaingia ngomeni. Ukuta ni wa matofali mekundu, umepita kando ya mto mpana, na ndani yake kuna kanisa kubwa jeupe lenye makuba ya kijivu na moja la dhahabu. Nje walikuwa wamezipanga kengele za zamani chini, kubwa kuliko mtu. Humud aliinama akaingiza kichwa ndani ya moja akasema, "Hodi," kisha akangoja ajibiwe. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kwenye makumbusho walituonyesha barua zilizoandikwa juu ya magome ya miti, za watu waliokufa miaka mia kadhaa nyuma. Moja, alivyotueleza mama mmoja mlinzi, ilikuwa ya mwanamme anamposa mwanamke. Humud aliitazama kwa muda mrefu. "Mama angeipenda hii," aliniambia. "Yeye huko aliko keshanichagulia mtu, nnamjua. Siku moja ntaletewa barua kuwa nimeshaoa." Tukacheka tena, maana kwetu jambo hilo linawezekana kabisa. Mtu yuko ng'ambo ya bahari, anamweka wakili, wakili anakaa mbele ya shekhe anakubali ndoa kwa niaba yake, na bibi harusi anapelekwa.

Baada ya adhuhuri Humud alichoka. Alikaa kwenye benchi chini ya ukuta, mbele ya mto, akaanza kukohoa. Mimi nikaona boti inachukua watu kuwapeleka kwenye nyumba ya watawa upande wa juu wa mto, na miongoni mwa waliokuwa wakipanda alikuwamo msichana mmoja aliyekuwa akinitazama tangu makumbusho. Nilikuwa na shati tu. Koti langu nililiacha chumbani kwa sababu shati lile lilikuwa jipya na nilitaka lionekane. Nikamwambia Humud, "Nipe koti lako, huko mtoni kuna upepo. Nusu saa nnarudi." Akalivua akanipa. 

Nilirudi baada ya saa tatu na zaidi. Mvua ilikuwa imenyesha, ile mvua yao nyembamba isiyokatika, na mimi niliipitisha chini ya paa la watawa nikizungumza na msichana. Humud nilimkuta palepale kwenye benchi, mikono ameibana katikati ya magoti, maji yanamtiririka. Nikamuuliza kwa hasira, ndiyo, kwa hasira, kwa nini hakuingia ndani. Akasema, "Ulisema nusu saa. Niliogopa utakuja usinione."

Siku ya kumi na mbili alikufa hospitali. Tulimkosha wenyewe, wanafunzi watatu Waislamu, tukamsalia na kumzika. Katika siku zote hizo kumi na mbili hakunitajia koti, wala hakuniuliza nini nilikiona huko nilikokwenda. Nilimwandikia mama yake barua moja. Siku hizo barua kutoka Urusi kufika Maskati ilikuwa bahati, na nilipoona hakuna jibu, niliona nafuu. Sikuandika ya pili.

Mwaka wa sabini Oman ilipofunguliwa, tuliokuwa nje tukaitwa turudi. Nilifika Matrah, mji wa jirani na Maskati, nikakaa kwa ami yangu. Hii Ghubra ninayokaa sasa ilikuwa mchanga na mbuzi, na kutoka Matrah kwenda Maskati yenyewe ulikuwa unapanda mlima wa Riyam na kuteremka. Bi Zuwena alikuwa amepanga vyumba viwili ndani ya ukuta wa Maskati. Siku ya tatu nikajitia moyo nikaenda kumpa habari.

Sasa wewe unajua sisi tunavyoamkiana. Mgeni akiingia huulizwa habari, na hata kama nyumba yake inaungua moto, jibu la kwanza ni njema. Baadaye, taratibu, ndipo anapotoa alichokuja nacho. Na habari ya msiba tunaizungusha zaidi: kwanza fulani hajambo kidogo, halafu anaumwa, halafu anaumwa sana, mpaka mwenye maiti anaelewa mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeyapanga maneno yangu hivyohivyo, nikayarudiarudia njia nzima.

Alinifungulia mlango mwenyewe. Nikamshika mkono nikaubusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

"Njema."

"Na mwenzio umemuacha vipi? Humud mzima?"

"Njema, mama. Mzima."

Lilitoka lenyewe. Naapa lilitoka kabla sijalijua. Nikavuta pumzi nianze kuizungusha ile habari yangu, lakini yeye hakungoja. Alielekea kibla palepale ukumbini, akasujudu. Alikaa kwenye sijda kwa muda mrefu, mabega yanamtetemeka, na aliponyanyuka uso wote ulikuwa umerowa. "Alhamdulillahi," alisema. "Wallahi nilikuwa nshaanza kukata tamaa." Niambie, hapo ungesema nini? Mimi nilikunywa kahawa. Nilikunywa vikombe vitatu, nikala halwa, nikatikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, nikaaga.

Nilijiambia kesho. Kesho yake nilikwenda, nikakuta majirani wamejaa wanataka kumuona mtu aliyetoka kwa Humud. Wakaniuliza anakula nini, anasali wapi, amenenepa? Nikajibu yote. Siku ya kwanza ulimi uliniteleza. Siku ya pili na ya tatu, nikisema uliteleza nitakuwa nadanganya tena. Nilikuwa mtu mkubwa katika nyumba ile. Nilikaribishwa mahali pazuri, nilipewa kipande kizuri cha nyama, na mwanamke yule alikuwa akinitazama kwa mapenzi ambayo hayakuwa yangu.

Kisha akaniambia ameshamposea. Msichana ni Salma, binti wa ndugu yake, kijana mzuri, anajua kusoma na kushona. Baba yake ameridhia, na Salma mwenyewe ameridhia. "Sasa nambie, mwanangu. Humud aliwahi kusema lolote juu ya kuoa?"

Nikasema, "Alisema utakalomchagulia wewe."

Na hilo, ukilitazama, lilikuwa karibu na kweli. Ndiyo maana lilinitoka kwa urahisi.

"Basi wewe ndiye wakili wake," akasema. "Shekhe akikuuliza, mwambie amekuwakilisha kwa ulimi wake. Neno lako latosha, nani asiyekujua?" Ndoa ikawekwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Nilikubali. Nilikubali kumuozesha mtoto wa watu maiti. Nilijipa matumaini ya kijinga, kwamba nitaumwa, kwamba nitapata safari ya Dubai, kwamba nikishamaliza nitaandika barua kwa jina la Humud ya kumpa talaka. Mtu akishaingia kwenye uongo akili yake inakuwa na kazi nyingi sana.

Ijumaa ile nilisali Matrah nikaondoka kwa miguu. Joto lilikuwa halijavunjika bado. Saa ile watu wamelala, maduka yamefungwa, njia ya mlimani haina mtu. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya na kilemba cha ami yangu. Nilipofika nusu ya mpando, nikasikia salamu nyuma yangu, kwa lafudhi ya Unguja.

"Mimi mgeni hapa," yule mtu alisema. "Nimekuja leo. Nitembeze kidogo, nnataka kuuona mji."

Nilifurahi, nisikufiche. Nilipata sababu ya kuchelewa. Sikumtazama vizuri, alikuwa amejitanda shali kichwani na akitembea nyuma yangu kidogo, upande wa kushoto. Niliona tu kuwa nguo zake zimemganda mwilini, nikadhani ni jasho. Nikaanza kumwonyesha, hapa ni Riyam, kule nyuma ni Matrah, na nikajitia ujuzi wote wakati mimi mwenyewe nilikuwa na mwezi mmoja tu nchini. Tulipofika juu, bandari ya Maskati ikatufungukia chini, ngome mbili pande mbili na majina ya meli yaliyoandikwa na mabaharia kwa rangi nyeupe juu ya majabali.

"Ile ngome umeipanda?" akaniuliza.

"Hiyo hawapandi watu," nikamwambia. "Hiyo wanafungiwa watu."

Akakohoa. "Na ile ya ng'ambo?"

"Ng'ambo gani?"

"Kule ulikokwenda na boti. Hukunihadithia."

Miguu yangu ilisimama. Nilitaka kugeuka na sikutaka, na mwisho niligeuka. Alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya njia, mikono ameibana katikati ya magoti. Shali lilikuwa limeanguka. Humud, na si mtu mwengine, na uso uleule wa siku ile, si wa hospitali. Maji yalikuwa yakimtoka kwenye mikono ya shati, yanatona chini, na vumbi lile la mlimani lililokauka miezi lilikuwa limegeuka tope chini ya miguu yake. Niamini, tope. Meno yake yalikuwa yakigongana, katika jua ambalo mimi lilikuwa linanichoma kupitia kilemba.

"Nimekaa nnakungoja," akasema, bila ya hasira. "Nihadithie basi."

Ningekimbia, lakini aibu ilinishika kuliko khofu. Nikamhadithia. Nilisimama pale kwenye jua nikamwambia juu ya kuta nyeupe za watawa, mitufaa yao, kuba lililopakwa rangi ya buluu na nyota za dhahabu, na kibibi kimoja kilichotuuzia tango la chumvi. Nikamwambia na ya msichana, na kwamba jina lake nimelisahau. Humud alitabasamu pale alipopaswa kutabasamu, kama alivyokuwa. Nilipomaliza nikabaki nimesimama, mikono inaning'inia.

"Pazuri," akasema. Kisha akasema, "Nnaona baridi."

Gari ikapanda kutoka upande wa Maskati, ikapiga honi nihame njiani. Nikaruka pembeni, na vumbi lilipotulia jiwe lilikuwa tupu. Nililishika. Lilikuwa limerowa na lina baridi, na kila jiwe jengine pale lilikuwa haliwezi kushikika kwa moto.

Nilifika nyumbani kwa Bi Zuwena naye shekhe keshakaa. Wanaume walikuwa wamejaa ukumbini, na wanawake wako chumba cha ndani nyuma ya pazia, nasikia bangili zao. Nikaketishwa mbele ya baba yake Salma, goti kwa goti. Shekhe akasoma khutba ya ndoa, halafu akanigeukia.

"Wewe ndiye wakili wa Humud?"

"Ndimi."

"Amekuwakilisha mwenyewe, kwa ulimi wake?"

Mkono wa baba yake Salma ulikuwa umeshanyooshwa kuushika wangu. Nikautazama mkono ule. Nikasema, "Humud amekufa."

 Bangili zilinyamaza. Kisha ikaja sauti ya Bi Zuwena kutoka nyuma ya pazia, sauti ya kawaida kabisa.

"Lini?"

"Mwaka jana, mama. Kiangazi."

"Nani aliyemkosha?"

"Mimi na wenzangu wawili."

 Halafu akasema, na maneno haya ninayo masikioni mpaka leo, "Mwaka mzima nnamuombea umri. Mwaka mzima, na hapana hata mmoja aliyemuombea rehema." Hapo ndipo wanawake walipoanza kulia. Baba yake Salma alinishika kwa mkono uleule aliokuwa ameunyoosha kuozesha, akanitoa mpaka nje ya mlango, akanifungia. Hakunipiga. Ningeshukuru kama angenipiga.

Salma alikuja kuolewa na mtu mwengine, wana wajukuu sasa. Nikikutana na watoto wake kwenye harusi nainamisha kichwa, nao wanadhani mzee huyu ana haya.

Ungetaraji kisa kiishe hapo, si ndiyo? Nimesema kweli mbele ya watu, nimeadhirika, khitma imesomwa, Humud ameombewa. Hata mimi nilidhani yamekwisha. Lakini baada ya siku za tanga Bi Zuwena alituma mtu aniite. Macho yalikuwa yamemvimba, na hakuwa na hasira. Aliniambia, "Umeniudhi, lakini wewe ndiye uliyemkosha mwanangu, na hilo sitolisahau. Kaa. Nihadithie alivyoumwa. Ilianza vipi?"

Nikamhadithia siku ya Novgorod. Nikamwambia kengele na ile hodi, akacheka na kulia pamoja. Nikamwambia barua ya gome. Nikamwambia alikaa kwenye benchi ikamnyeshea mvua. Akanikatiza.

"Hakuwa na koti? Mtoto yule wa kifua. Hatoki bila ya koti, nilimlea mimi."

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, unanielewa? Alishanisamehe kubwa, na dogo hili angelisamehe pia, au asingelisamehe, lakini hilo lilikuwa lake kuamua. Nami nikasema, "Alilisahau chumbani, mama."

Akatikisa kichwa. "Msahaulifu tangu mdogo," akasema.

Bi Zuwena aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliniita mwanangu, alinifanyia harusi yangu, alinishikia mtoto wangu wa kwanza. Na kila akija mgeni, akiulizwa yule kijana alikufa na nini, alisema kwa upole, mwanangu alisahau koti. Nilikuwa nimekaa naye chumba kimoja akilisema hilo. Nilikuwa nikiitikia kwa kichwa.

Ndiyo maana Humud hajaondoka. Ijumaa nikirudi msikitini, saa watu wanapokwenda kulala, namkuta amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yangu hapa Ghubra, mikono katikati ya magoti. Hanisemeshi tena. Nikimkaribia hutoweka, panabaki maji. Mke wangu anasema ni kiyoyozi kinachovuja, na ameshamleta fundi kutoka mtaa wa Ghala mara tatu. Fundi anapanda, anakagua, anasema haoni kasoro, anakunywa chai, anakwenda zake. Mimi nachukua tambara nafuta.

Basi wewe unayenisikiliza, siku ukibebeshwa habari ya maiti, usiipeleke ukiwa umekaa. Usipokee kahawa. Iseme ukiwa umesimama mlangoni, na ukishaanza kuisema imalize, pamoja na lile linalokuchafua wewe mwenyewe, kwa sababu hilo ndilo wenye maiti wanalolihitaji na ndilo litakalokushinda. Mimi nilibakisha neno moja tu, nikiona ni dogo, na nikiona wakati upo. Leo nimelisema kwenu, lakini aliyekuwa na haki ya kulisikia yuko kaburini, na nyinyi hamna uwezo wa kunisamehe.